Dakika Arobaini Mbele ya Dirisha la Fundi

Saa ya ukutani ilikuwapo nyumbani kwa Fundi, nayo haikukosea, lakini kwa kujua adhuhuri ilikuwa ya mapambo tu. Kila siku isipokuwa Jumapili, glasi zake sita zilianza kutetemeka kabatini, kwanza ile ya pembeni, kisha zote, na pini zilizokuwa kwenye kisahani kando ya cherehani zikaanza kutembea zenyewe. Hapo alijua ni saa sita na dakika kumi, treni ya mizigo imeingia. Aliondoa miguu kwenye pedali, akatoa daftari chini ya rundo la vitambaa, akaandika saa. Treni ilipoondoka, aliandika tena. Kati ya saa hizo mbili injini ilisimama hatua ishirini kutoka dirisha la jikoni, ikiunguruma bila kwenda popote, ikitapika moshi mweusi juu ya nguo za watu zilizoanikwa.

Najua mnachotaka kuuliza. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mwenye akili zake timamu na wateja wa sare za shule hadi mlangoni, anaandika saa za treni za nini? Subirini, nitafika. Kwanza lazima mumjue marehemu.

Marehemu mumewe alikuwa dereva wa treni, na watu walimwita Taratibu. Hakuwahi kukimbia maishani mwake, iwe kwenye reli, iwe kwenda kumposa mke. Hata siku ya harusi alifika wa mwisho, na alipoulizwa akajibu, "Kwani bibi harusi ameshaondoka?" Alivuta mabehewa machache ya mizigo, na kila adhuhuri ilimbidi aingie njia ya kupishania, pale mjini kwao, angoje treni ya abiria inayotoka upande wa pili ipite. Kungoja huko kulichukua dakika arobaini, siku mbaya saa nzima.

Sasa, kulikuwa na kibao. Kibao cheupe, kipo mpaka leo, karibu na tangi kuukuu la maji, mita mia sita kutoka nyumba ya mwisho, mahali ambapo hata mbuzi hawaendi. Hapo ndipo kanuni ilipotaka injini isimame. Lakini treni ya Taratibu ilikuwa fupi, mkia wake ulishaingia njiani mapema, na huyu bwana akaona hakuna dhambi yoyote akisimama mapema kidogo, kichwa cha treni kikilitazama dirisha la jikoni kwake. Akashuka, akavuka nyasi, akanawa mikono, akakaa mezani.

Injini hakuizima. Zile mashine za dizeli za zamani zilikuwa na kiburi. Ukiizima, betri imechoka, huenda isiwake; na hata ikiwaka, upepo wa breki umeshavuja na inabidi ungoje ujae upya. Msaidizi wake alibaki juu akiilinda, naye alipelekewa chakula chake kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Huyo msaidizi Fundi alimwita Shemeji, na mpaka leo ni Shemeji, ingawa kichwa chake sasa kimejaa mvi.

Daftari lilianza hivyo. Taratibu alikuwa na saa ya mkononi aliyopewa kazini, lakini akiwa mezani alipenda kuambiwa.

"Mke wangu, nimebakisha ngapi?"

Fundi aliangalia daftari, akapiga hesabu. "Kumi na mbili."

"Basi niongeze chai."

Ndiyo hayo tu, jamani. Miaka kumi na moja ya mwisho ya ndoa yao ilipita kwa maneno hayo, na mkiniuliza mimi, kuna watu wameishi na maneno mengi zaidi na mapenzi kiduchu. Jioni Taratibu alirudi hoi, akala bila kuona, akalala. Usiku mwingine alilala stesheni za mbali. Mume wa Fundi, yule wa kucheka naye na kumtania, alikuwa mume wa dakika arobaini za adhuhuri, na mlio wa injini nje ya dirisha ndio uliomwambia kwamba yupo.

Alifariki akiwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu, presha, wiki moja tu kitandani. Matanga yakaisha, ndugu wakaondoka na masufuria yao, nyumba ikabaki kimya. Kesho yake, saa sita na dakika kumi, glasi zikatetemeka. Fundi akainuka mbio, akabandika maji ya chai, akafikia kikombe cha mumewe ndipo akili ikamrudia. Alisimama pale na kikombe mkononi akalia mpaka treni ikaondoka. Halafu, sijui kwa nini, hata yeye hajui, akachukua daftari akaandika saa.

Shemeji ndiye aliyepewa usukani, naye akaendelea kusimama palepale. Heshima kwa marehemu, alisema. Aliowafundisha kazi nao wakasimama palepale. Wakaja madereva wapya wa treni ya asubuhi na ya alasiri, wakaonyeshwa kwamba kwenye mji huu injini husimama mkabala na nyumba yenye dirisha la kijani. Hakuna aliyeuliza sababu. Walidhani ni kanuni. Miaka minane ikapita, treni tatu kwa siku, na zote ziliunguruma mbele ya dirisha la mjane mmoja kwa sababu dereva mmoja alipenda kula kwa mkewe.

Naye alizipenda. Niseme kweli, mbona nifiche? Majirani walikohoa na kulaani, yeye alifungua dirisha. Akifumba macho, mtetemo ule ukapanda kutoka sakafuni mpaka magotini, ilikuwa kana kwamba kiti cha upande wa pili wa meza kina mtu. Alimkumbuka Taratibu hadi kifua kikauma, na alitaka kiendelee kuuma. Alichoogopa ni siku ambayo hakitauma.

Lakini alikuwa na maumivu mengine, na hayo hayakumpa raha hata kidogo. Binti yake wa pekee, mwalimu, alikuwa na mtoto wa miaka sita aliyezaliwa baada ya babu yake kufa. Fundi alimwita mke mwenza, kama mabibi wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na wakikaa pamoja walimsengenya "mume wetu" aliyekwenda zake bila kuaga. Walikuwa wakiishi wote hapo nyumbani, mpaka kifua cha mtoto kilipoanza kubana. Usiku alivuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Daktari aliuliza kuna jiko la kuni? Hakuna. Kuna mvuta sigara? Hakuna. Kuna moshi wowote? Mama wa mtoto akamgeukia Fundi, Fundi akaangalia sakafu. Mwezi huohuo binti akahamia mji wa milimani, mwendo wa saa nne kwa basi, na mtoto akapata nafuu.

"Mama, hama hapo," binti alimsihi kila alipopiga simu.

"Nihamie wapi na cherehani changu? Wateja wananijua hapa."

Sababu hiyo ilikuwa na ukweli kiasi chake. Sababu yenyewe hakuisema, maana angeianzia wapi?

Ndipo mwaka huo binti akapiga simu na habari nzito. Amepewa uhamisho, na nafasi ni mbili. Moja ni shule ya hapo mjini kwa mama yake, ambako wangekaa tena nyumba moja. Nyingine ni upande wa pili wa nchi, siku mbili za safari.

"Natakiwa kujibu mwisho wa mwezi. Mama, unajua ninachotaka. Lakini siwezi kumrudisha mtoto kwenye moshi ule. Siwezi."

"Najua, mwanangu."

"Nipe bibi niongee naye!" Sauti ndogo ilinyakua simu. "Bibi, ile treni bado inakohoa?"

"Bado, mke mwenza."

"Mpe dawa yangu. Ile ya kuvuta mdomoni. Mimi nikipewa naacha."

Fundi alicheka, halafu simu ilipokatika akaona kitambaa alichokuwa akishona kimelowa matone mawili, moja hapa, moja pale. Siku mbili za safari, kwa umri wake. Angemwona mtoto yule mara ngapi tena? Mara tatu? Nne?

Wiki hiyohiyo tangazo likabandikwa ukutani kwa muuza magazeti. Halmashauri inakusudia kutunga sheria ndogo: injini ya treni isiachwe ikiunguruma zaidi ya dakika kumi na tano ndani ya mita mia tatu kutoka nyumba, shule au hospitali. Wananchi waje watoe maoni.

Aliyekuwa mstari wa mbele ni jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Mapacha, mwanamke wa sauti ambayo hata treni haikuizima. Mapacha wake walikohoa kwa zamu. Mmoja akimaliza mwenzake anapokea. Alikuja kwa Fundi asubuhi, hakukaa.

"Mama Fundi, wale wa reli wanasema tunatia chumvi. Eti hakuna ushahidi. Wewe kila siku nakuona dirishani unaandika. Lete lile daftari."

"Daftari gani? Lile la vipimo vya wateja?"

"Vipimo vya wateja unaandika ukitazama treni?"

"Macho yangu nitazame ninapotaka."

Mama Mapacha alimwangalia kwa muda. "Haya," akasema, akaondoka bila kuaga, na kwa Mama Mapacha kuondoka bila neno la kufungia kulikuwa tusi kubwa.

Fundi akabaki na daftari mapajani. Uongo ule ulimkereketa. Akilitoa, treni zitanyamaza, mtoto atarudi. Na adhuhuri itakuwa tupu. Taratibu atakufa tena, safari hii kwa mkono wa mkewe, tena na jina lake likichafuka. Maana wakishaona saa watauliza kwa nini hapo, na anayejua ni yeye na Shemeji tu. Siku tatu alishona mikono ya mashati kinyumenyume, akafumua, akashona kinyumenyume tena.

Mkutano ulifanyika alasiri kwenye ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Afisa wa reli alikuwa kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na jambo alilosema alisema kwa adabu.

"Ndugu zangu, kanuni yetu iko wazi. Treni husimama kwenye kibao cha tangi, mbali na makazi. Kama dereva amesimama kwingine, ni mara mojamoja. Mnasema kila siku, saa nzima. Nani ameandika?"

Mama Mapacha hakugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa. Fundi alitazama mbele. Kisha pacha mmoja akaanza kukohoa, kikohozi kilekile chenye filimbi mwishoni, na kabla hajakata shauri lolote Fundi akajikuta amesimama.

"Mimi nimeandika."

"Kwa muda gani, mama?"

"Miaka kumi na tisa."

Ukumbi ulivuma. Daftari moja lilikuwa mkobani. Mengine manane yalikuwa nyumbani ndani ya sanduku la uzi, akasema, nayo atayaleta. Diwani aliyeongoza mkutano akalipokea, akampa afisa. Yule kijana akafunua kurasa, taratibu kwanza, halafu harakaharaka, na jasho likamtoka.

"Hapa imesimama saa moja na robo."

"Siku hiyo ng'ombe walikuwa wamelala njiani," Fundi alisema, na watu wakacheka.

Afisa hakucheka. Alikuwa anashangaa kikweli. "Lakini mama, kwa nini hapo? Kibao kipo, kinaonekana. Kwa nini madereva wote hawa, miaka yote hii, wasimame hapo?"

Neno "sijui" lilikuwa tayari ulimini. Jepesi kabisa. Angelisema, angekaa, sheria ingepita vilevile na hakuna ambaye angejua. Akafungua mdomo alitoe, akaona haya. Si haya ya watu, ya Taratibu, ambaye hakuwahi kumficha mtu kwamba anampenda mkewe.

"Ni kwa ajili yangu," akasema. "Mume wangu alisimama hapo aje ale nyumbani. Wenzake wakamfuata. Wakadhani ni kanuni."

Watu wengine walicheka tena, kidogo. Sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Kwa hiyo sisi tumevuta moshi miaka yote ili Taratibu ale kwa mkewe!"

"Ndiyo," Fundi alisema. "Alikula, na mimi nilifurahi. Na alipokufa nikaendelea kufurahi kuisikia injini, nyie mkikohoa. Sikuwaza vifua vya watoto wenu mpaka ikafika zamu ya kifua cha wangu. Sina la kujitetea. Andikeni tu hiyo sheria."

Akakaa. Hakuna aliyemcheka tena, lakini hakuna aliyemwangalia pia. Mama Mapacha aliwashika watoto wake mikono, akatoka kwa mlango wa upande wa pili. Sheria ikapitishwa, ianze tarehe mosi. Madaftari yote tisa yakachukuliwa na halmashauri kuwa kumbukumbu. Jioni hiyo Fundi akampigia binti yake, akamwambia maneno matatu: "Jibu kwamba unakuja." Binti akalia simuni, na mama hakumweleza bei aliyoilipa.

Siku ya mwisho kabla ya tarehe mosi, glasi zilitetemeka saa sita na dakika kumi kama kawaida. Fundi alikuwa ameshaandaa bakuli, akalifunika sahani, akavuka nyasi. Shemeji alishuka ngazi akimwacha msaidizi wake juu.

"Shemeji, kesho nasimama kule kwenye tangi," dereva alisema.

"Najua. Si mimi niliyewafukuza?"

Alicheka yeye, Shemeji hakuweza. Alipokea bakuli, hakulifunua. Fundi akasogea, akaweka kiganja ubavuni mwa injini. Chuma kilikuwa cha moto, kikitetemeka, na mtetemo ukapanda mkononi mpaka begani. Miaka yote kumi na tisa alikuwa ameusikia kupitia sakafu, hakuwahi kuugusa.

"Nimebakisha ngapi?" Shemeji aliuliza. Swali hilo alilirithi kwa marehemu, na Fundi alilitambua.

"Sijui. Daftari wamelichukua."

Kisha Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Unataka niizime ukiwa umeishika?"

"Itawaka tena?"

"Betri ni mpya tangu mwaka jana. Ingewaka siku zote."

Fundi akamgeukia. Tangu mwaka jana! Na hakuna aliyezima, yeye Shemeji hakuzima, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na kuna mtu alikuwa akisikiliza. Alitamani kumkaripia na kumshukuru kwa pumzi moja, akashindwa yote mawili.

"Basi zima."

Shemeji akapaza sauti kwa msaidizi wake. Mngurumo ukashuka, ukakwama, ukatetemeka mara mbili kwa nguvu, na chuma kikatulia chini ya kiganja chake. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka akasikia bomba la jirani likidondosha maji. Akasikia kanga zikipigwa na upepo kwenye kamba. Hakuondoa mkono.

"Taratibu angekasirika," Shemeji alisema.

"Angekasirika sana," Fundi alisema, machozi yakimtiririka waziwazi. "Halafu angeomba chai."

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, nisiwafiche. Treni zilisimama kule kwenye tangi, zikazimwa, na kwa mbali zikaonekana ndogo. Saa sita na dakika kumi masikio ya Fundi yalikwenda dirishani yenyewe, yakarudi mikono mitupu. Glasi hazikusogea. Adhuhuri moja akalitikisa kabati kwa mkono ili zilie, kisha akajionea aibu. Mama Mapacha hakumsalimu siku kumi na sita. Siku ya kumi na saba alikuja na sare mbili za kupunguzwa urefu, akazitupa mezani.

"Wamelala usiku kucha," akasema kwa hasira. "Wote wawili." Akavuta kiti, akakaa.

Binti na mtoto walifika na mabegi matano mwanzo wa muhula. Mtoto alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Bibi, treni imepona?"

"Imepona, mke mwenza. Ilikunywa dawa yako."

Diwani alikuwa amerudisha madaftari siku hiyohiyo, kila moja limegongwa muhuri. Baada ya kuoga mtoto alijilaza kwenye mkeka jikoni, karibu na meza, akasinzia. Fundi alisimama kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mchanga aliisikia pumzi yake humo jikoni, ikiingia na kutoka bila filimbi. Zamani, saa kama hiyo, mngurumo ungeimeza. Akaangalia saa ya ukutani, ile ya mapambo, akachukua daftari la mwisho, na chini ya mstari wa mwisho wa treni akaandika: 6:10. Akarudi kwenye cherehani, lakini hakushona, asije akamwamsha.

Mtoto alipofumbua macho, jua lilikuwa limehama mezani.

"Bibi, nimelala sana?"

Fundi akaangalia daftari, akapiga hesabu.

"Dakika arobaini. Na hukukohoa hata mara moja."

"Basi niongeze," mtoto akasema, akageukia ukutani.

"Ongeza, mke mwenza," Fundi akamwambia, akimfunika miguu. "Wewe hakuna treni inayokungoja."